Seva iko Frankfurt, fundi yuko Arusha: namna ya kuifanya OpenBSD ijisakinishe

SWALI: Mimi ni fundi wa mitandao Arusha. Ofisi yetu imekodi seva kadhaa, nyingi ziko Frankfurt na mbili Johannesburg, na tunataka zote ziendeshwe kwa mfumo endeshi wa OpenBSD kwa kazi za VPN na DNS. Kampuni tulizokodi kwao hazina OpenBSD kwenye orodha yao, zina Linux za aina aina tu. Hadi sasa nafungua konsoli ya kwenye kivinjari na kujibu maswali ya usakinishaji kwa mkono. Herufi zinachelewa, nyingine zinajirudia. Je, kuna namna ya kuifanya kazi hii ijiendeshe yenyewe? Na mambo yakiharibika, nitafanyaje na seva nisiyoweza kuigusa?

JIBU: Ndugu, namna ipo, tena haihitaji programu yoyote ya nje. Tangu toleo la 5.5 la Mei 2014, kisakinishi cha OpenBSD kina uwezo unaoitwa autoinstall: unakipa faili la majibu, kinalisoma, kinamaliza kazi na kuwasha mashine upya bila mtu kugusa kibodi. Nakuomba uachane kabisa na wazo la kutunga skripti itakayochapa herufi ndani ya konsoli ya kivinjari badala yako. Najua wapo wanaofanya hivyo. Herufi zinazochelewa na kujirudia kwako zitachelewa na kujirudia kwa skripti pia, na siku maneno ya skrini yakibadilika kidogo, skripti itajibu swali ambalo halijaulizwa, pengine lile la kufuta diski.

Kabla ya amri yoyote, elewa jambo moja, maana njia nzima imesimama juu yake. Kisakinishi cha OpenBSD ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) moja, bsd.rd, iliyopachikwa ndani yake mfumo mdogo wa mafaili. Ikishawaka, kila inachokihitaji kiko kwenye RAM. Diski iliyoiwasha haina kazi tena. Kwa hiyo unaweza kuiandika mwanzoni mwa diski ileile unayotaka kusakinishia, ukawasha seva upya, nayo ikaifuta diski hiyo na kuipanga upya huku yenyewe ikiendelea kukimbia. Mradi wa OpenBSD unatoa imeji iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, inaitwa miniroot, ina megabaiti chache tu. Kwa toleo la 7.7, lililotoka Aprili 2025, jina lake ni miniroot77.img. Mifano yangu yote ni ya 7.7 kwenye amd64. Wewe weka namba ya toleo utakalolikuta.

Mpango basi ni huu: unatia faili la majibu ndani ya miniroot, unaingia kwenye mfumo wa uokoaji wa Linux ambao karibu kila kampuni ya seva hutoa, unaimwaga imeji kwenye diski kwa dd (amri ya kunakili data moja kwa moja kwenye diski), unawasha upya, unasubiri SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ifunguke. Amri za mwisho ni tatu au nne. Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Anza na usakinishaji mmoja wa kwa mkono, lakini ufanyie kwenye mashine pepe ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima) katika kompyuta yako, huko seva za kukodi ziache kwanza. Jibu maswali kama unavyotaka seva zako ziwe. Ukimaliza na mashine ikiwaka mara ya kwanza, ingia kama root (msimamizi mkuu) ufungue barua pepe ya ndani kwa amri ya mail. Utakuta barua iliyotumwa na kisakinishi chenyewe, yenye kila swali lililoulizwa na jibu ulilolitoa. Hilo ndilo faili lako la majibu, tayari limeandikwa kwa maneno kamili ya toleo lako. Watu wengi hukesha wakinakili mifano ya zamani kutoka kwa wengine, ilhali maneno ya maswali hubadilika kidogo toka toleo hadi toleo, hasa yale ya mtandao na ya diski. Iamini barua yako kuliko mfano wa mtu, ukiwemo huu wangu:

```
System hostname = fra1
Password for root = $2b$10$...
Setup a user = fundi
Password for user = *************
Public ssh key for user = ssh-ed25519 AAAA... fundi@arusha
Allow root ssh login = no
IPv4 address for vio0 = 203.0.113.10
Netmask for vio0 = 255.255.255.0
Default IPv4 route = 203.0.113.1
DNS nameservers = 9.9.9.9
What timezone are you in = UTC
Which disk is the root disk = sd0
Use (W)hole disk = whole
Location of sets = http
HTTP Server = cdn.openbsd.org
Set name(s) = -x* -game*
```

Upande wa kushoto wa alama ya sawasawa ni kipande cha swali, upande wa kulia ni jibu. Si lazima uandike swali zima. Kipande kinachotosha kulitambua kinakubalika, mradi maneno yasikatwe katikati. Swali ambalo hukulitaja hupewa jibu la kawaida la kisakinishi, lile linaloonekana kwenye mabano ya mraba ukisakinisha kwa mkono. Hapo ndipo pana raha na ndipo pana hatari: faili fupi linafanya kazi, lakini kila swali ulilolinyamazia umekubali lijibiwe na mwingine.

Mstari ambao hupaswi kuunyamazia kamwe ni ule wa `Use (W)hole disk`. Fikiria hali ya diski pale kisakinishi kinapowaka: umetoka kuimwagia miniroot, na miniroot ina jedwali lake la sehemu za diski, lenye eneo dogo la OpenBSD la megabaiti hizo chache. Kisakinishi kikiona diski ina eneo la OpenBSD, jibu lake la kawaida linakuwa kulitumia eneo hilohilo. Kwa mtu mwenye mashine ya mifumo miwili hilo ni jambo la busara. Kwako wewe maana yake ni kwamba kitajaribu kuisakinisha OpenBSD nzima ndani ya megabaiti chache, kitashindwa, na seva itabaki kimya. Mtu anaweza kumaliza siku nzima akikagua mtandao, kumbe mtandao hauna kosa. Seva inayowaka kwa BIOS, mtindo wa zamani wa uwashaji, jibu ni whole. Inayowaka kwa UEFI, mtindo mpya, jibu ni gpt. Kujua iko upande gani ni rahisi: ukiwa kwenye Linux tazama kama saraka ya /sys/firmware/efi ipo. Hakikisha tu kwamba unatazama jinsi seva yenyewe inavyowaka, kwa sababu mfumo wa uokoaji wakati mwingine huwashwa kwa mtandao na kwa namna tofauti.

Nywila nazo zahitaji utulivu. Nyota kumi na tatu maana yake akaunti haina nywila inayoweza kukubalika, kuingia ni kwa ufunguo wa SSH peke yake. Ni nzuri kwa mtumiaji wa kawaida. Lakini ukiweka nyota kwa root pia, na hukuandaa doas (amri inayomruhusu mtumiaji kutenda kama root), utaingia kwenye seva kwa ufunguo wako ukiwa fundi na utabaki fundi milele; hakuna njia ya kupanda kuwa root. Mimi hupenda root awe na nywila halisi, ndefu, iliyotunzwa mahali salama, ili siku SSH ikikataa niweze kuingia kupitia konsoli. Kwenye faili usiiandike wazi: endesha amri ya encrypt kwenye OpenBSD yoyote, uichape nywila, itakupa mfuatano unaoanza na $2b$, huo ndio unaouweka. Na kwa kuwa mfuatano huo utakuwa ndani ya imeji, imeji usiiweke kwenye tovuti ya wazi. Ipeleke kwa scp.

Majina ya kadi za mtandao hayafanani na ya Linux. Hakuna eth0 wala enp1s0; kadi hupewa jina la kiendeshi chake. Kadi pepe ya virtio ni vio0, Intel nyingi ni em0, zile mpya za gigabiti 2.5 ni igc0, za gigabiti 10 ni ix0 au ixl0, Realtek ni re0, Broadcom ni bge0 au bnxt0. Ukiwa kwenye mfumo wa uokoaji endesha `lspci -nn`, utapata aina ya kadi, kisha ulinganishe na kurasa za mwongozo za OpenBSD. Fanya vivyo hivyo kwa kidhibiti cha diski. Diski za SATA, za NVMe na za virtio zote huonekana kama sd0, hivyo kwa kawaida hapo hapana tabu, ila kidhibiti cha RAID cha kiwandani kikaguliwe kabla, si baada ya kufuta Linux iliyokuwa inafanya kazi.

Sasa kupachika. Hatua hii ifanyie ndani ya OpenBSD, ile mashine pepe yako inatosha, kwa sababu mfumo wa mafaili ulio ndani ya bsd.rd ni FFS, aina inayotumiwa na OpenBSD, na Linux hairuhusu kuuandikia kwa namna ya kutegemewa. Faili la majibu lipe jina la auto_install.conf. Kisakinishi kikilikuta kwenye mzizi wa diski yake ya kumbukumbu, kinaanza kazi bila kuuliza na bila kutafuta seva yoyote ya DHCP (inayogawa anwani za mtandao).

```
mkdir -p /mnt/imeji /mnt/rd
vnconfig vnd0 miniroot77.img
mount /dev/vnd0a /mnt/imeji
gzip -dc < /mnt/imeji/bsd > rd.kern
rdsetroot -x rd.kern rd.fs
vnconfig vnd1 rd.fs
mount /dev/vnd1a /mnt/rd
cp auto_install.conf /mnt/rd/
umount /mnt/rd
vnconfig -u vnd1
rdsetroot rd.kern rd.fs
gzip -9c < rd.kern > /mnt/imeji/bsd
umount /mnt/imeji
vnconfig -u vnd0
```

Nieleze yanayotokea. Ndani ya miniroot kerneli ya kisakinishi inaitwa bsd tu, nayo imebanwa kwa gzip. Unaifungua, rdsetroot inachomoa mfumo wa mafaili uliopachikwa, unaufunga kwenye vnd1 kama diski, unaweka faili lako, unaurudisha mahali pake, unaibana tena kerneli. Kubana tena si hiari: nafasi ndani ya miniroot ni finyu na kerneli isiyobanwa haitaenea. Wala usiliguse faili liitwalo boot lililo jirani yake, kwa kuwa mahali lilipo kwenye diski pameandikwa ndani ya programu ndogo ya kuwashia. Ukilihamisha, imeji haitawaka kwenye BIOS.

Ukiwa umeifungua imeji hiyo, tumia nafasi kuweka /etc/boot.conf ndani yake ikiwa kampuni yako inakupa konsoli ya siriali badala ya skrini. Mstari wa `set tty com0` unatosha, na kasi ikitofautiana na ile ya kawaida tanguliza `stty com0 115200`. Kwenye faili la majibu nako ongeza `Change the default console to com0 = yes`. Kwenye baadhi ya seva za chuma, konsoli ya IPMI (ya kusimamia seva kwa mbali) iko kwenye com1, si com0. Soma karatasi ya seva yako.

Kwa kuwa kila seva ina anwani yake, utahitaji imeji moja kwa kila seva. Hilo lisikutishe. Andika jedwali dogo lenye jina, anwani, barakoa ya mtandao, lango na jina la kadi, kisha skripti ya sh ipite mstari kwa mstari, ijaze kiolezo cha faili la majibu, irudie hatua za hapo juu na kutoa fra1.img, fra2.img, jnb1.img. Anwani hizo usizikisie: zichukue kwa `ip addr` na `ip route` kutoka kwenye Linux inayokimbia sasa hivi katika seva hiyohiyo.

Na hapa nikuombe uwe makini kweli, maana nikiulizwa ni wapi usakinishaji wa mbali hufia, jibu langu ni hapa. Angalia mstari wa lango. Kwenye kampuni nyingine, anwani yako hupewa barakoa ya /32, yaani mtandao wa anwani moja tu, na lango liko nje kabisa ya mtandao wako. Linux imeambiwa kwamba lango hilo linafikika moja kwa moja kupitia kadi. Maswali ya kisakinishi cha OpenBSD hayana nafasi ya kueleza hali hiyo. Ukiweka lango ambalo haliko kwenye mtandao wa anwani yako, njia haitawekwa, mafaili hayatapakuliwa, na usakinishaji utasimama katikati diski ikiwa imeshafutwa. Ukiona /32, jambo la kwanza ni kujaribu DHCP: kampuni nyingi zenye mpangilio huo hutuma njia hizo kupitia DHCP, na dhcpleased, mteja wa DHCP aliyekuja na OpenBSD 6.9, anazielewa. Hapo unaweka `IPv4 address for vio0 = autoconf` na mambo yanakwisha.

Kama hakuna DHCP, tumia njia ya pili: QEMU ndani ya mfumo wa uokoaji. Unaiendesha mashine pepe ambayo diski yake ni diski halisi ya seva, na miniroot yako inakuwa diski ya pili ya kuwashia. Mashine pepe inapata intaneti kupitia Linux, kwa hiyo kisakinishi kinapakua mafaili bila kujali lango lako la ajabu, na OpenBSD inaandikwa moja kwa moja kwenye diski halisi. Jina la diski likibadilika nalo halizushi balaa, kwa sababu fstab ya OpenBSD hutambua diski kwa namba yake ya DUID, si kwa jina sd0. Kinachobadilika ni kadi ya mtandao. Ndani ya QEMU uliipa e1000, ikaitwa em0. Nje ni igc0 au nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuwasha upya ni lazima faili la /etc/hostname.em0 liondoke na la kadi halisi liandikwe, likiwa na njia ya lango:

```
inet 203.0.113.10 255.255.255.255
!/sbin/route add -inet 172.31.1.1/32 -link -iface igc0
!/sbin/route add default 172.31.1.1
```

Ukiifuata njia hii, faili la /etc/mygate liache tupu au ulifute, lango liko kwenye mistari hiyo. Toleo la sasa linakubali pia jina la faili kuwa anwani ya MAC ya kadi badala ya jina la kiendeshi, nami napendekeza hivyo kwa seva za chuma: anwani ya MAC unaiona kwenye Linux, haina haja ya kubahatisha.

Nani atayaandika mafaili hayo ikiwa hakuna mtu kwenye kibodi? Ni seti ya site. Kisakinishi kikikuta faili liitwalo site77.tgz mahali kinapopakulia seti nyingine (mafaili ya tgz yenye mfumo wenyewe), hulifungua juu ya mfumo mpya baada ya seti zote, na kama ndani yake mna skripti inayoitwa install.site, huiendesha mwishoni kabisa, ikiwa tayari imeingia ndani ya mfumo mpya. Hapo unaweza kuweka pf.conf yako (kanuni za ngome ya mtandao), doas.conf, hostname za mtandao, chochote. Kazi zinazohitaji mfumo uliokwisha kuwaka, kama kuweka vifurushi, install.site iziandike kwenye /etc/rc.firsttime, faili hilo huendeshwa mara moja tu kwenye uwashaji wa kwanza na matokeo yake hutumwa kwa root.

Kwa seti ya site unahitaji seva yako ya HTTP yenye nakala ya seti za OpenBSD pamoja na hiyo yako, na faili la index.txt linaloorodhesha vyote, ukiongeza site77.tgz bila kuandika upya index.txt kwa `ls -nT > index.txt`, kisakinishi hakitaiona. Jingine ni saini. Seti rasmi zimetiwa saini kwa signify, zana ya OpenBSD ya saini za kidijitali, ya kwako haikutiwa, na kisakinishi kitauliza kama kiendelee. Jibu lake la kawaida ni hapana. Andika swali zima lenye jina la seti:

```
Unverified sets: site77.tgz. Continue without verification = yes
```

Ukiandika kipande cha mwisho peke yake itafanya kazi pia, lakini utakuwa umekubali mapema seti yoyote itakayokosa saini, hata base77.tgz iliyochezewa njiani. Kwa swali zima umekubali ile yako tu.

Na unapoitengeneza site77.tgz, itengeneze ukiwa root na uorodheshe mafaili, usifunge saraka nzima kwa nukta. Sababu ni hii: tar hubeba umiliki na ruhusa za kila saraka iliyomo. Ukifunga kwa nukta ukiwa mtumiaji wa kawaida, saraka ya etc ndani ya tar ni mali ya mtumiaji namba 1000 yenye ruhusa za kwenye kompyuta yako, na ikifunguliwa kwenye seva, /etc ya seva inakuwa mali ya mtumiaji huyo, na mzizi wa mfumo vilevile. Saraka ya nyumbani ya fundi nayo ikipata umiliki usio sahihi, sshd inaukataa ufunguo wako bila maelezo yoyote kwa aliye nje. Endesha `tar -tvzf site77.tgz` uisome orodha mstari kwa mstari kabla ya kuipeleka popote.

Ushauri wangu ni kwamba site iwe ndogo: mtandao, ufunguo, doas, pf inayoruhusu SSH, basi. Mengine yote yaachie Ansible (programu ya kusanidi seva nyingi kwa mbali) baada ya seva kusimama, kwa kuwa kosa la Ansible unalirekebisha ukiwa ndani, na kosa la site linakuacha nje.

Ukishakuwa na imeji, ijaribu kwenye QEMU yako ikiwa na diski ya namna ileile na uwashaji wa namna ileile, BIOS au UEFI. Usiguse kitu. Ikifika kwenye login yenyewe na ukaingia kwa ufunguo, imeji iko tayari. Ikishindwa, itaandika `failed; check /tmp/ai/ai.log` na kukuachia ganda la amri. Fungua logi hiyo uone swali la mwisho lililojibiwa. Ukitaka kujua kwa nini swali limeulizwa, kisakinishi chote ni skripti ya ganda, jina lake install.sub, imo ndani ya rd.fs uliyokwisha kuifungua. Inasomeka vizuri kuliko skripti nyingi za kazi hii nilizopata kuzisoma, na kila swali unaloweza kukutana nalo limo humo.

Siku ya kazi, kwenye mfumo wa uokoaji wa seva ya kwanza:

```
wipefs -a /dev/sda
dd if=/tmp/fra1.img of=/dev/sda bs=1M
sync
reboot
```

Thibitisha kwa lsblk kwamba sda ndiyo diski yenyewe. Ikiwa ni NVMe itaitwa nvme0n1. wipefs iko pale kwa sababu diski iliyokuwa na GPT ina nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, ambayo dd ya megabaiti chache haiifikii. Kabla ya reboot, zima hali ya uokoaji kwenye ukurasa wa kampuni; kwa baadhi yao hujizima baada ya mara moja, kwa wengine hubaki mpaka uizime, na seva itarudi kwenye Linux ya uokoaji huku ukidhani OpenBSD imekataa.

Kama kampuni haina mfumo wa uokoaji kabisa, inawezekana kuimwaga imeji juu ya diski ambayo Linux inaitumia muda huohuo. Imeji iwe kwenye /dev/shm, kisha andika u kwenye /proc/sysrq-trigger ili mafaili yote yawe ya kusomwa tu, endesha dd, kisha andika b kwenye faili hilohilo seva iwake upya papo hapo. Usitumie reboot ya kawaida hapo. Linux inapozimika taratibu inaweza kuandika vitu vyake juu ya imeji yako. Njia hii nakushauri uitumie pale tu penye konsoli inayofanya kazi na uliyokwisha kuijaribu.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Seva usiyoweza kuigusa unaifikia kwa vitu viwili: konsoli na mfumo wa uokoaji. Vijaribu vyote kabla ya dd, ingia kabisa uone vinajibu, kwenye kila kampuni uliyokodi, Frankfurt na Johannesburg. Mfumo wa uokoaji hautegemei kilicho kwenye diski, kwa hiyo hata usakinishaji ukifa katikati unaurudia: unaingia tena, unasahihisha imeji kwenye kompyuta yako, unaimwaga upya. Kwa namna hii kosa linakula muda tu, seva haipotei. Kinachopotea ni data iliyokuwemo, nayo haina marejeo. Nakala zake ziwe zimeshatolewa na kuhakikiwa. Na fanya seva moja kwanza, ikae hata usiku mmoja ikitumika, ndipo uzifuate nyingine.

Kwa seva zenye diski mbili unazotaka zifanye RAID 1 (kila diski kuwa nakala ya nyingine), autoinstall haina swali la kuiunda. Itabidi uongeze amri za bioctl, zana ya OpenBSD ya RAID, kwenye skripti za ndani ya bsd.rd kabla ya kisakinishi kuanza. Inawezekana, lakini kwa seva za DNS na VPN, ambazo usanidi wake wote uko kwenye Ansible na unaweza kuzijenga upya kwa imeji, nisingejisumbua.

Baada ya hapo kazi hii hutairudia kwa kila toleo. OpenBSD hutoka kila baada ya miezi sita hivi, na marekebisho ya usalama hutolewa kwa matoleo mawili ya mwisho tu, kwa hiyo kuhama ni lazima. Tangu 6.6 ya Oktoba 2019 kuna sysupgrade: inapakua seti, inahakiki saini, inaweka bsd.rd yenye majibu yake na kuwasha seva upya, kwa utaratibu uleule uliousoma hapa. Ujue tu kwamba haichukui site77.tgz yako, na kwamba baada ya kuwaka unapaswa kuendesha `sysmerge` kwa mafaili ya /etc uliyoyabadilisha na `pkg_add -u` kwa vifurushi. Marekebisho ya katikati ya toleo ni `syspatch`. Amri hizi zote zinakwenda vizuri kupitia SSH, seva moja baada ya nyingine, ukianza na ile ambayo ikikwama saa moja hakuna mteja atakayepiga simu.